Nani Kawasha Moto kwa Bibi?

Simu ya bibi huja usiku, baada ya taarifa ya habari, na huwa haina haraka. Ataniuliza nimekula nini, ataniuliza lini naoa, kisha salio litaisha. Ndiyo maana ilipolia saa 11:40 alfajiri, Jumapili moja ya Julai 2024, nikiwa nimelala chumbani kwangu Musoma, moyo ulishtuka kabla ya mkono kuifikia. Kwetu simu ya saa hizo ni ya msiba.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. "Mume wangu," (ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto) "nani amewasha moto kwangu?"

"Moto gani bibi?"

"Huu wa ukutani! Nimeamshwa na harufu ya kuungua, natoka nakuta shuka langu limegandamana na kioo linayeyuka, moshi umejaa sebule yote, na moto unawaka wenyewe. Mimi sijagusa kitu. Humu ndani kuna nani?"

Nikamwambia atoke nje, aache mlango wazi. Nikaweka simu kwenye spika, nikafungua ile programu niliyoiweka mwenyewe wiki tatu kabla, nikabonyeza Zima.

"Chungulia dirishani bibi. Umezimika?"

Kimya. Nasikia jogoo. Nasikia bibi anakohoa. Halafu, "Umezimika."

Nisiwafiche, mikono ilikuwa inanitetemeka. Watu wenye ruhusa ya kuwasha ule moto kwa simu tulikuwa wawili tu duniani, na mmoja alikuwa amelala Musoma. Nikaangalia kumbukumbu za mfumo. Amri ya kuwasha iliingia saa 11:31 kutoka simu ya pili. Aliyewasha alikuwa Minnesota, Marekani, kama kilomita 13,000 kutoka lilipokuwa lile shuka.

Ni mwanawe. Kitinda mimba wake. Baba yangu mdogo.

Ngoja nianze mwanzo, maana jirani mmoja wa bibi hadi leo anaamini ile nyumba ina kitu.

Wenzangu wa Dar mkisikia mkoa wa Mara mnafikiria ziwa, sato na jua la Musoma. Tarime ni nchi nyingine. Ukishavuka daraja la Kirumi kuelekea kule, kadiri unavyokwenda ndivyo unavyopanda, na ukiiacha lami ukaingia huko Muriba kwenye migomba na kahawa utaelewa kwa nini wazee wa Kikurya hawatoki bila koti. Juni na Julai ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Bibi ana miaka zaidi ya 80. Mifupa yake inalijua baridi la kila mwaka kwa jina.

Dawa yake ilikuwa jiko la mkaa. Anapikia nje kwenye mafiga, usiku anajaza jiko mkaa, likishika vizuri analiingiza chumbani, anafunga dirisha, analala. Tumemsema miaka na miaka. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ikiingia kwenye damu inajishika kwenye chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hasikii chochote. Anapata usingizi mzito kidogo kuliko jana, basi. Mimi ni mwandishi wa gazeti na nimeziandika hizo habari. Huwa ni aya nne za ukurasa wa ndani: familia imekutwa, jiko limekutwa, wananchi waonywa. Kila nilipoandika moja nilimwona bibi.

Mei 2024 Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, uliofanyika Paris, na mwezi huohuo ukazinduliwa mkakati wa taifa unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Waandishi tuliandika sana kuhusu kupika. Kuhusu kuota moto sikumbuki kama niliandika hata sentensi moja, na mimi ndiye niliyezaliwa kule.

Baba mdogo yeye hakungoja mkakati. Aliondoka mwaka 2003 akiwa na sanduku moja. Miaka 20 baadaye nyumba aliyomjengea mama yake ikakamilika, bati la rangi, vigae, choo cha ndani, na ukutani sebuleni meko ya kuotea moto, ya gesi, kama aliyonayo kwake Marekani. Yalikuja kwenye kontena. Ni sanduku la chuma lenye kioo mbele na magogo ya bandia ndani, na bomba la tabaka mbili linalotoboa ukuta: tabaka moja linavuta hewa kutoka nje, jingine linatoa moshi. Moto wenyewe haugusani na hewa ya sebuleni kabisa. Kwa ugonjwa wa bibi (yaani jiko chumbani) hiyo ni dawa safi, na wala sitanii.

Shida ilikuwa hitaji la pili la baba mdogo. Alitaka meko yaingie kwenye mfumo wa kuendesha nyumba kwa simu, kama taa, kamera na geti alivyovifanya kwake. Alitaka akiwa Minnesota abonyeze, moto uwake Muriba.

"Wewe si ndiye mtu wa kompyuta?" akaniambia.

Jamani, mimi nimesomea uandishi wa habari. Lakini kwenye ukoo, ukishapita chuo kikuu chochote wewe ni fundi wa kompyuta, na pia ni mwanasheria.

Nikakubali. Kwa sababu ananisomeshea mdogo wangu, na kwa sababu, niseme tu, nilitamani. Usiku mwingi wa kusubiri habari nimeumalizia kuchezea vidude vya Home Assistant, ile programu ya bure ya kuunganisha vitu vya nyumbani. Nilikuwa nimewasha taa na feni. Moto halisi sijawahi.

Kabla ya waya kulikuwa na gesi. Tuliunganisha mtungi wa kilo 15, tukawasha kwa mkono, tukapiga makofi. Baada ya siku tano kioo kilikuwa cheusi kama sufuria ya mafiga. Miali mirefu, ya njano, yenye moshi. Nikapanda gari la Mugumu kumfuata jamaa mmoja anayehudumia majiko ya gesi kwenye kambi za watalii upande wa Ikoma. Ile njia ya Nyamongo hadi Mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti naipenda hata nikiwa na wasiwasi. Unateremka kutoka kwenye migomba, joto linakuja kidogo kidogo, koti linavuliwa, na ukifika Mugumu unashangaa uliondoka na sweta la nini.

Yule fundi alikuja, akapiga magoti, akatazama kibandiko kilichofichwa chini ya meko, akacheka. "Hii si ya mtungi. Hii ni ya bomba."

Akanifundisha kitu ambacho ningepaswa kukijua mwenyewe, maana nimewahi kuandika kuhusu gesi ya Songo Songo na lile bomba la Mtwara hadi Dar lililoanza kazi 2015. Gesi asilia ile ni methani, nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, na ujazo mmoja wake una nguvu karibu mara mbili na nusu ya methani. Meko yaliyotengenezwa kwa methani yana nozeli yenye tundu kubwa. Ukipitisha gesi ya mtungi kwenye tundu hilo unamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, moto hauungui sawasawa, na masizi yakiziba bomba la kutolea moshi, ile kaboni monoksaidi uliyoikimbia jikoni unairudisha kwa mlango wa mbele. Na ikivuja haipai juu. Inatambaa sakafuni kama maji, inakaa pembeni inasubiri kiberiti. Ndiyo maana kule kambini mitungi inafungiwa nje, kwenye kizimba cha wavu, haikai jikoni.

Vifaa vya kubadilisha vilikuja kwenye begi la msafiri kutoka Marekani: nozeli mbili na kipande cha kurekebisha mgandamizo, vyote kwenye kimfuko kama cha vifungo vya shati. Fundi akavifunga, mtungi ukahamia nje, miali ikatulia. Bibi akavuta kigoda chake, akakaa mbele ya kioo, akanyoosha miguu. Hakusema kitu kwa muda mrefu, na bibi yangu si mtu wa kunyamaza.

Sasa waya.

Nilikuwa nimenunua swichi ya kuendeshwa kwa waifai, hizi za kawaida, unaziona madukani kila mahali. Unaingiza umeme wa volti 230 upande mmoja, unatoka volti 230 upande wa pili simu ikiamuru. Ningeifunga ilivyo ningeunguza vali ya gesi siku hiyohiyo, pengine na mimi mwenyewe. Kilichoniokoa ni kusoma kijitabu, jambo ambalo wanaume wa ukoo wetu hawalifanyi.

Kumbe yale meko hayatumii umeme wa ukutani hata kidogo. Ndani kuna kimoto kidogo kinachowaka muda wote. Kimoto hicho kinachoma kijiti chenye nyaya za metali mbili tofauti zilizounganishwa nyingi pamoja, na joto hilo linazaa umeme, kidogo sana, kama milivolti 750 hivi, nusu ya betri moja ya redio. Umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi. Swichi ya ukutani inaunganisha tu nyaya mbili, vali inafunguka, moto mkubwa unashika. Kimoto kikizimika, kijiti kinapoa, umeme unakufa, vali inajifunga. Moto unajilinda wenyewe, bila programu, bila mtandao, bila mimi. Umeme wa nyumba ukikatika wiki nzima, bibi bado anaota moto. Nilipoelewa nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu. Nikajisikia na aibu kidogo pia, kwa sababu nilikuwa naenda kukipachikia kitu kizima namna hiyo ujanja wangu.

Kinachotakiwa basi ni rilei isiyopeleka umeme wowote kwenye meko, inayogusanisha tu nyaya mbili na kuziachanisha, kama kidole. Nikaipata, nikaiunganisha na kichipu kidogo cha waifai, nikaifunga sambamba na swichi ya ukutani. Sambamba maana yake yeyote kati ya wawili akiwasha, moto unawaka. Bibi kwa swichi, baba mdogo kwa simu. Ilionekana ni haki.

Nikajaribu. Nikawasha kwa simu, nikazima umeme wa nyumba, moto ukafa kwa sababu rilei imekosa umeme. Sawa. Nikarudisha umeme. Sekunde kumi, kichipu kikaamka, kikakumbuka kwamba kabla ya kulala kilikuwa kimewasha, kikawasha tena. Sebule tupu, moto unawaka. Hapo nilitokwa na jasho Tarime mwezi wa sita. Fikiria umeme umekatika usiku, bibi amekwenda kulala, unarudi saa nane. Nikabadilisha mpangilio, kila kikiamka kianze na kuzima. Nikajiona mhandisi.

Jambo jingine nililiona nikalipuuza: swichi ya bibi ikiwa imewashwa, simu inaweza kuonyesha Zima na moto unaendelea kuwaka. Simu inajua hali ya rilei, haijui hali ya moto. Nikasema nitakuja kulirekebisha.

La tatu sikuliona kabisa, nalo ndilo kubwa kwangu. Ili kufikia vali nilifungua wavu wa kinga unaokaa mbele ya kioo. Kioo cha meko kinapata joto la kuunguza ngozi kwa mguso mmoja. Kule Marekani tangu 2015 meko ya namna hii hayaruhusiwi kutoka kiwandani bila kizuizi hicho. Nikauegemeza nyuma ya kochi. Simu ikaita, mhariri anataka habari ya Nyamongo kabla ya saa kumi. Nikaondoka. Wavu ukabaki nyuma ya kochi wiki tatu.

Jumamosi ile bibi alifua. Mvua ikanyesha jioni. Akatundika shuka lake, hizi za Kimasai ambazo ukitazama vizuri ni uzi wa plastiki, kwenye rafu juu ya meko, ili likauke kwa joto lililobaki, akazima swichi kwa mkono wake, akaenda kulala. Shuka likalegea usiku, likalala juu ya kioo. Na baba mdogo, kwake saa 3:30 usiku wa Jumamosi, akiwa kwenye kochi lake Minnesota, akafikiria: mama anaamka saa kumi na mbili kusali. Ngoja atoke akute sebule ina joto.

Akabonyeza.

Nilipofika Muriba mchana kwa pikipiki kutoka Tarime mjini, bibi alikuwa nje chini ya mti na shuka mapajani, linalobaki. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikaganda kwenye kioo. Ukuta juu yake umefuka mweusi hadi darini. Pembeni, kama hatua moja, kulikuwa na gunia la ulezi, na pazia. Nikavipima kwa macho, pazia na kioo. Nikaenda nyuma ya kochi nikautoa wavu, nikaufunga, skrubu nne. Dakika tatu tu.

Bibi alinitazama nikifunga. "Hicho kilikuwa chake?" akauliza.

"Ndiyo bibi."

"Haya." Hakuongeza, na mpaka leo hajaongeza.

Jioni tukampigia baba mdogo kwa video. Alikuwa analia, sitaki kumficha. Kisha nikamwambia uamuzi wangu, kwamba naondoa uwezo wa kuwasha kwa simu. Kuzima, ndiyo, atazima wakati wowote. Kuwasha, hapana. Machozi yakakauka, hasira ikaja.

"Kwa hiyo unaninyima kumwashia mama yangu moto?"

Akanipa hoja. Kamera ninayo, akasema, nitatazama kwanza. Nikamwambia kamera inatazama mlango, na usiku ule hakuitazama. Akasema mbona watu wameshaoanisha gesi na simu, hata huko kwetu. Ni kweli, na mfano huo naujua: KopaGas walianzia Dar es Salaam na mita inayokaa juu ya mtungi, unalipia gesi kidogo kidogo kwa simu, mita inafungua na kufunga, na Januari 2020 kampuni ya Circle Gas ikainunua teknolojia hiyo, leo Wakenya wanaijua kama M-Gas. Lakini angalia mita ile inafanya nini. Inaruhusu gesi ipite, au inaikatalia. Kuwasha anawasha mama aliyesimama mbele ya jiko, anayeona mtoto yuko wapi na kitambaa kiko wapi. Nikamwambia hivyo. Yule fundi wa Mugumu aliwahi kuniambia kwamba kambini mwao anayefungua mtungi ndiye anayeshika kiberiti, na nikamwambia hilo pia.

Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho sikukijua. Alipokuwa mdogo, kwa kuwa ni wa mwisho, kazi yake ilikuwa kukoka moto alfajiri. Anaamka kabla ya wote, anafukua kaa chini ya majivu, anapuliza. Likiwa limekufa anakimbia kwa jirani na kigae kuomba moto, anarudi anaukinga na upepo kwa mwili. Mama akitoka anakuta umeshika. "Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo katika nyumba ile," akasema. "Sina nyingine niliyowahi kumfanyia kwa mikono."

Ningeweza kuishia hapo, nikamrudishia. Nusura.

"Bamdogo," nikamwambia, "ulipokuwa unapuliza ulikuwa unaona amelala wapi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha waya mmoja. Nilitoa rilei pale sambamba, nikaifunga kwa mfuatano na swichi ya bibi, kwenye ule upande wake ambao bila umeme huwa umegusana. Ni kama mlango wenye makomeo mawili. La bibi likiwa limefungwa, hakuna simu duniani itakayofungua. La bibi likiwa wazi, simu inaweza kufunga. Umeme ukikatika, rilei inabaki imegusana na swichi ya ukutani inafanya kazi kama siku ile fundi alipoiacha. Nikaongeza kihisi joto kando ya kioo, ili mfumo ujue moto wenyewe uko vipi na usiniambie tu hali ya rilei. Moto ukiwaka saa moja na nusu mfululizo unakatwa, na king'ora kinalia mpaka bibi aje azime swichi kwa mkono, maana akiiacha na umeme ukakatika, rilei itagusana na moto utarudi. Kwa ajili hiyohiyo kichipu kinakula kwenye betri ya akiba ya kuchajia simu. Ikiisha na hiyo, saa haihesabu, na hapo tunamtegemea bibi, kama ilivyokuwa kabla mimi sijazaliwa. Chumbani kwake kuna king'ora kingine, cha kaboni monoksaidi, cha betri. Jiko la mkaa limehamia stoo. Nimeangalia mara tatu bila kubisha hodi.

Gesi ndiyo inayouma. Meko yale yana nguvu ya kama kilowati sita, yanakula karibu nusu kilo kwa saa, yaani mtungi wa kilo 15 ni saa 30 na kidogo tu. Mtungi huo mama wa nyumbani angeupikia zaidi ya mwezi. Baba mdogo ndiye anayelipa na hajawahi kulalamika.

Nikamwachia kitu kimoja. Bibi akiwasha, ujumbe unakwenda kwa simu ya mwanawe: moto umewaka, saa fulani, joto la sebuleni nyuzi kadhaa. Haombwi kitu. Anaarifiwa tu. Mwanzoni hakujibu hata hilo. Kisha bibi akaniambia siku hizi kitinda mimba anapiga simu jioni, karibu kila siku, yeye akiwa ndiyo kwanza amevuta kigoda.

Mwezi Februari 2025, wakati wa jua kali hata Tarime, baba mdogo alinitumia picha ya ujumbe alioupokea. Moto umewaka, saa 1:42 usiku, sebuleni nyuzi 26. Chini yake ameandika: "Kuna hitilafu. Kihisi kimekufa au? Nani anawasha moto kwenye nyuzi 26?"

Nikampigia bibi kuulizia. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikangoja dakika 20, nikapiga tena, bado inatumika.

Nikamwandikia baba mdogo kwamba kihisi kizima.